Kutoka kwa mjomba hadi mahakamani: Mila za mazishi na mirathi zilivyobadilika pwani ya Bagamoyo

KATA ya Kerege, iliyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Pwani ambako shamba la mikorosho au minazi lililoachwa na marehemu limekuwa mali ya thamani kubwa kutokana na kupanuka kwa jiji. Kwa sababu hiyo, swali la nani hasa ni mrithi halimalizwi tena kwa neno moja la wazee wakati wa matanga.

Wenyeji wa ukanda huu, yaani Wazaramo, Wakwere na Wadoe, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika utaratibu huo mume na mke walikuwa wa koo mbili tofauti, na kifo hakikuunganisha mali zao. Alipofariki mwanamume, mali yake ilirejea kwa ukoo wa mama yake. Mrithi akawa ndugu wa tumbo moja au mpwa, mtoto wa dada yake. Watoto wa marehemu walitazamia kurithi kwa mjomba wao, na mjane alirudi kwa watu wake.

Mambo mawili yalidhoofisha utaratibu huo. La kwanza ni zao la kudumu. Katika pwani yote, mti huhesabiwa kuwa mali ya aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya ukoo. Baba aliyepanda minazi au mikorosho akisaidiwa na wanawe alipata kitu cha kuwaachia wao badala ya wapwa.

La pili ni dini ya Kiislamu, ambayo imekuwapo hapa kwa karne nyingi. Magofu ya Kaole, yaliyo kusini mwa mji wa Bagamoyo, yana msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, baadhi yake yakiwa na minara, yanayoonyesha jinsi wenye uwezo wa zama hizo walivyozikwa. Ukristo ulifuata mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo. Ni katika misheni hiyo mwili wa David Livingstone ulipowekwa Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka bara na Chuma, Susi na wenzao, kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza.

Katika mazishi, mila na dini zimeendelea kukaa pamoja. Maiti huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa mapema, matanga huwekwa, kisha husomwa hitima. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi au, akiwa mjamzito, hadi ajifungue. Wakati huohuo, watani wa marehemu huja na mizaha yao, wakidai hiki na kile, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika.

Kwa upande wa mirathi, Uislamu ulileta mafungu yanayojulikana. Mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Binti hupata nusu ya fungu la mwanamume. Wosia hauwezi kuvuka theluthi moja ya mali. Hivyo mke na binti, ambao mila iliwaacha kando katika mali ya mume na baba, wakawa na haki isiyotegemea hisani ya ukoo.

Baada ya Uhuru, Serikali iliandika sheria za mila katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Tangazo hilo lilihusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, na halikumpa mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili kutokana na kanuni hizo.

Hata hivyo, sheria nyingine zilitangulia kumkinga mjane. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamruhusu kuishi apendapo na kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa, licha ya mila yoyote ya kumrithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi. Mabadiliko kama haya hayakuwa ya Afrika pekee. Nchini Ureno, mjane alifanywa mrithi wa lazima katika marekebisho ya Kanuni ya Kiraia ya mwaka 1977.

Leo mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Wanandugu hukutana, huandika muhtasari wa kikao na kumpendekeza msimamizi. Panapotokea ubishi kuhusu sheria ya kufuatwa, mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na alichokusudia. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1971, msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, au muda zaidi utakaoruhusiwa na mahakama.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba msimamizi ndiye mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Akiuza shamba na kujilimbikizia fedha, warithi wanaweza kuiomba mahakama imwondoe.

Kinga iliyo rahisi zaidi ni wosia, ambao unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kwa familia ambayo baba hufuata dini, wajomba hufuata mila na shamba linatafutwa na wanunuzi kutoka mjini, karatasi hiyo ndiyo huamua kama watoto watabaki na mahali pa kulima.