Injini Ikizimika Angani: Helikopta Ilivyojifunza Kutua

Wengi huamini kwamba helikopta ikizimika injini angani, haina budi kuanguka chini pu! Si kweli. Tena, maarifa yanayoiokoa yalipatikana kabla helikopta haijaweza kuruka sawasawa.

Mwaka 1919, ndege ya injini tatu iliyobuniwa na Juan de la Cierva, mhandisi kijana wa Hispania, ilianguka baada ya kupunguza mwendo mno karibu na ardhi. Ndege hubebwa na kasi. Kasi ikipungua, mabawa hushindwa kazi. Cierva akafikiria mabawa yanayozunguka, ili yabaki na kasi yao hata chombo kikienda polepole. Akaunda otojairo: rafadha ya kuivuta ilikuwa mbele, na juu yalikuwepo mapanga yanayozungushwa na upepo mtupu, bila injini.

Za mwanzo zilipinduka, kwa kuwa panga linalokwenda mbele hunyanyua kwa nguvu kuliko lile linalorudi nyuma. Cierva akaweka bawaba kwenye shina la kila panga, lipande na kushuka lenyewe. Januari 1923, huko Getafe karibu na Madrid, otojairo ikaruka. Siku chache baadaye injini yake ikazimika hewani, pua ikiwa imeelekea juu. Ndege nyingine ingeanguka. Hii ilishuka taratibu, na rubani akatoka salama.

Helikopta ilirithi elimu hiyo. Tarehe 10 Mei 1937, helikopta ya Kijerumani Fw 61 ilitua injini ikiwa imezimwa. Cierva hakuiona siku hiyo. Alifariki Desemba 1936 katika ajali ya ndege ya abiria huko Croydon, Uingereza.

Injini inapokufa, klachi maalumu huyaachia mapanga yazunguke yenyewe. Papo hapo rubani hushusha wenzo wa mkono wa kushoto, mapanga yalale, na hewa inayopanda kutoka chini iyazungushe. Akikaribia ardhi huinua pua kupunguza mwendo, kisha huvuta wenzo juu. Nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko huo hutumika mara moja tu, kwa kukitua chombo chini. Hakuna nafasi ya pili. Hata rafadha ya mkiani ikiharibika na helikopta ikaanza kuzunguka ovyo, mara nyingi rubani huiondoa nguvu ya injini makusudi, kwa sababu ndiyo inayoizungusha, kisha hushuka kwa njia hiyohiyo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote aliutoa Mfaransa Jean Boulet. Tarehe 21 Juni 1972 aliipandisha helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442, rekodi ya dunia. Alipopunguza nguvu ili ashuke, injini ikazimika na haikuwaka tena. Akashuka kutoka kimo hicho kwa upepo peke yake, akatua salama.

Lakini Boulet alikuwa na kimo cha kutosha. Helikopta iliyo chini na isiyo na mwendo haina akiba hiyo, na rubani anayechelewa kushusha wenzo huipoteza kasi ya mapanga. Katika helikopta ndogo ya Robinson R22, yenye mapanga mepesi, muda wa kuamua ni kama sekunde moja. Ndiyo maana mwaka 1995 Marekani iliweka kanuni maalumu ya mafunzo kwa kila anayetaka kuirusha.