Slim, Juliana, Chira: Majina ya Ukimwi kama Kumbukumbu za Uenezi Wake

Historia ya uenezi wa virusi vya ukimwi katika eneo la Ziwa Viktoria aghalabu huelezwa kwa takwimu. Hata hivyo, majina ambayo jamii za eneo hilo ziliupa ugonjwa huu nayo ni kumbukumbu za kihistoria zinazostahili kuhakikiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Rakai, Uganda, waliwaona wenzao wakikonda na kufa. Ugonjwa huo waliuita Slim, yaani wembamba. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, uliitwa Juliana, jina la vazi lililovuma katika biashara ya magendo. Jina la kwanza linaeleza mwili. La pili linaeleza njia. Walioliteua walikwisha kung'amua kuwa maradhi yalisafiri pamoja na wachuuzi. Lakini jina hilo pia lilimpa asiye mchuuzi nafasi ya kujiona salama.

Nchini Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, Waluo wengi waliufasiri ugonjwa kwa dhana ya chira, yaani masaibu yampatayo avunjaye mwiko. Kukonda kwa mwenye chira kulifanana mno na kukonda kwa mwenye ukimwi. Hapa ndipo jina lilipogeuka kuwa hatari: aliyeamini kwamba amekiuka mila alitafuta utakaso, wala hakuona sababu ya kumkinga mwenziwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha maambukizi ya takriban asilimia 7 ya watu wazima nchini, na takriban asilimia 15 mkoani Nyanza. Bila shaka neno moja halikuleta tofauti hiyo. Uvuvi, uhamaji na uchache wa wanaume waliotahiriwa vilichangia. Hata hivyo, Marjorie Oludhe Macgoye hakukosea alipoiita riwaya yake Chira (1997).

Neno ukimwi, kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, halimlaumu mchuuzi wala mvunja mwiko. Serikali ya Kenya ilipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, neno hilo lilikuwa limeenea. Lakini mitaani watu waliendelea kusitiri: mwathiriwa "amekanyaga waya". Ni dhahiri, basi, kuwa kila jina lilifichua jambo na kuficha jingine. Mhakiki anayeyasoma majina haya kama mapambo ya lugha tu atakuwa amewapuuza mashahidi wa kwanza wa janga lenyewe.