Kifuu na Kerezo

Kiswahili kina kitenzi kukereza: kuuzungusha mti kwenye mashine huku patasi ikiula mpaka uwe mviringo. Mashine yenyewe ni kerezo. Maneno hayo yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kazi ya wakereza bado inaonekana Lamu, kwenye miguu ya vitanda vya zamani iliyojaa mafundo na shingo nyembamba. Siyu nako, kisiwani Pate, kulisifika kwa ufundi wa mbao.

Basi kwa nini kata na upawa wa jikoni ni vya kifuu cha nazi? Nimesikia ikisemwa kwamba ni umaskini wa zana. Sikubali.

Kerezo hulizunguka jambo moja tu: mhimili mmoja. Mguu wa kitanda unalitii. Kata hailitii, kwa sababu bakuli lake linatazama juu na mpini unakwenda pembeni. Atakayeikereza kwa mti mmoja itambidi aukereze mpini kwanza, aufungue mti, aukamate upya kwa upande mwingine, kisha achimbe bakuli huku mpini ukizunguka hewani kama rungu. Vidole viko karibu. Na kwenye kerezo la upinde, lililozoeleka tangu Misri hadi India, fundi huketi chini: mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika patasi, mguu unaituliza. Mti unakwenda mbele na kurudi, patasi inakula safari moja tu kati ya hizo mbili. Baada ya jasho hilo, sehemu kubwa ya mti imekuwa takataka za sakafuni, na bakuli likikauka vibaya linapasuka.

Wakati huohuo, mtu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya mchuzi wa leo. Akimaliza, mkononi ana bakuli gumu, jepesi, lisilonyonya maji, na halikumgharimu chochote. Kilichobaki ni matundu mawili na kijiti cha kupenyeza. Kifuu kikibaki na kina kirefu, ni kata ya kutekea maji mtungini. Kikikatwa kifupi, ni upawa wa mchuzi. Mviringo aliousumbukia mkereza, mnazi ulikuwa umeshaufanya.

Naandika tasnifu kuhusu vyombo vya jikoni vya pwani, na kinachonisumbua ni jinsi ushahidi ulivyogawanyika. Miguu ya vitanda imehifadhiwa, ikapigwa picha, ikaandikiwa vitabu. Ilikuwa mali ya sebule za wenye uwezo. Kata ilikuwa katika nyumba zote, za mabwana na za watumwa, na iliteka maji mara nyingi kwa siku. Ila ilipopasuka hakuna aliyeiweka kabatini. Kifuu kikavu kinashika moto upesi kuliko kuni, kwa hiyo kata nyingi za pwani ziliishia kupika wali.