Usaili wa Mtunga Programu: Ulikotoka na Namna ya Kuuendea

Somo letu la leo lahusu kazi moja mpya na mlango wake. Kazi yenyewe ni ya mhandisi wa programu, yaani mtu atungaye maagizo ambayo kompyuta na simu huyafuata. Mlango wake ni usaili. Wamo vijana wetu wanaoisomea kazi hii, nao siku ya kuitwa na kampuni kubwa huingiwa na hofu, kwa kuwa hawajui wataulizwa nini. Mtu asiyejua mlango ulivyotengenezwa hudhani umefungwa kwa ajili yake. Basi na tuanze na historia.

Kuwapima watu kabla ya kuwapa kazi ni jambo la zamani. Wafalme wa Uchina walichagua watumishi wao kwa mitihani kwa muda wa miaka ipatayo 1,300, hata ilipofutwa mwaka wa 1905. Hapa kwetu Mara, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945, wanaume wengi wa Kikurya waliingia jeshi la KAR. Hao walipimwa miili, kwa maana jeshi lilitaka miili yenye nguvu. Shika jambo hili, msomaji: mwenye kazi hupima kile anachodhani kazi yake inakihitaji. Lakini aweza kudhani vibaya.

Tazama mfano. Mwaka wa 1921 huko Marekani, Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri wa taa ya umeme, aliwapa waombaji kazi maswali zaidi ya 100 ya kila namna, mengi yakiwa ya kukumbuka tu majina na hesabu. Mwaka huo huo Albert Einstein aliulizwa mwendo wa sauti ni kiasi gani. Alijibu kwamba habari iliyomo vitabuni haina haja ya kubebwa kichwani. Wawili hao walikuwa na akili nyingi, wala hawakukubaliana juu ya kipimo cha akili.

Kompyuta zilipokuja, hapakuwa na watu waliosomea kuziandikia maagizo. Kampuni ya IBM ikatunga jaribio lake mwaka wa 1955, lenye mafumbo ya michoro na ya hesabu. Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Lakini mambo hayakwenda vema, na mwaka wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini miaka ilikuwa imekwisha kupotea. Kwa hiyo kijana wetu akijiona amechelewa, ajue kwamba si kwa uzito wa akili yake. Historia ina sehemu yake.

Sasa twafika kwenye kampuni kubwa za leo. Katika miaka ya 1990 Microsoft ilijulikana kwa mafumbo, kama lile la kwa nini vifuniko vya mashimo ya barabarani ni vya mviringo. Google, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, ilifuata njia hiyo. Mwaka wa 2004 iliweka bango kubwa kando ya barabara huko California lenye fumbo la hesabu tu, bila jina la kampuni. Aliyelifumbua alielekezwa mbele mpaka akafika mahali pa kuomba kazi. Lakini mwaka wa 2013 mkuu wa utumishi wa Google, Laszlo Bock, alisema wazi kwamba mafumbo ya namna hiyo hayatabiri lolote juu ya kazi ya mtu. Tangu hapo wakazidi kutilia mkazo maswali yaliyopangwa, ambayo kila msailiwa hupimwa kwayo kwa kipimo kimoja.

Je, leo huulizwa nini? Kwa kawaida kuna mazungumzo ya kwanza kwa simu, kisha jaribio la kuandika programu, kisha vikao kadhaa vya dakika kama 45 kila kimoja. Msaili hutoa tatizo, nawe hulitatua mbele yake.

Tuchukue mfano wa kwetu. Daftari la josho lina ng'ombe 1,000, wamepangwa kwa namba zao toka ndogo hadi kubwa. Unamtafuta mmoja. Ukisoma toka mwanzo, waweza kusoma mistari yote 1,000. Lakini ukifungua katikati, utajua namba unayoitaka iko nusu ipi. Uache nusu nyingine, ugawe tena. Hutazidi kutazama mara 10. Wakiwa ng'ombe 1,000,000, hutazidi mara 20. Hicho ndicho msaili anachotaka kukiona: si jibu tu, bali kama unajua kazi itaongezekaje mali ikiongezeka. Naye atauliza: je, kama daftari halikupangwa? Hapo njia hii haifai, na yafaa useme hivyo mwenyewe kabla hujaulizwa.

Hapa pana jambo linalowashinda vijana wetu wengi, nalo halimo vitabuni. Tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na ni heshima njema. Lakini katika usaili ukimya hauonekani kuwa heshima. Msaili hawezi kuandika sifa za fikira asizozisikia. Kijana atakiwa aseme anavyowaza, aulize pale swali lisipoeleweka, na akubali kusahihishwa bila kununa. Si jambo geni kabisa kwetu. Katika iritongo, baraza la Wakurya, mwenye shauri hueleza habari yake toka mwanzo, hatua kwa hatua, watu wamfuate. Mfundishe mwanao kwamba chumba cha usaili ni baraza la namna hiyo.

Basi maandalizi ni haya. Kwanza, kutatua matatizo machache kila siku kwa miezi, si kukesha juma moja. Pili, kuandika kwenye karatasi au ubao, bila mashine ya kusahihisha makosa. Tatu, kumweleza mwenzake kwa sauti, na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho kinachotumika mara nyingi. Nne, kukumbuka mambo aliyoyafanya kweli pamoja na wengine, maana ataulizwa juu ya ushirikiano na kutoelewana. Anayeshindwa mara ya kwanza huweza kuomba tena baadaye.

Wala usidhani milango hii iko ng'ambo tu. Google ilifungua ofisi Nairobi mwaka wa 2007, na Microsoft ilianzisha kituo cha wahandisi huko mwaka wa 2019. Kutoka Sirari, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Kampuni ya kweli haitozi fedha ili imsaili mtu. Akija mtu kukuambia uuze ng'ombe ununue nafasi ya mwanao, huyo ni mwizi. Ukiwa na ng'ombe wa kuuza, mnunulie kijana kompyuta ya kujifunzia, awe wa kiume au wa kike, kisha mpe muda wa kuitumia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Jeshi, Edison na Google walipima nini, na kwa nini?
2. Daftari la josho lisilopangwa litafutweje?
3. Twawezaje kumfundisha kijana kusema mbele ya wakubwa bila kupoteza adabu?