HALI YA HATARI: SHERIA YA MUDA ILIYOKATAA KUONDOKA

 

Kila tarehe 20 Oktoba Wakenya hukaa nyumbani. Shule hufungwa, viongozi huhutubia uwanjani. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta, mpaka Katiba ya 2010 ilipoipa jina la Mashujaa. Ukimuuliza kijana wa Kibomet leo ni nini hasa kilichotokea tarehe hiyo, atakwambia ndipo Mzee Kenyatta aliposhikwa. Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni kwamba siku hiyo, mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Kenyatta alizuiliwa karibu miaka tisa, kisha akatoka. Sheria iliyomzuia haikutoka. Hebu tuifuate tuone ilikopita na iliowapitia.

NI KITU GANI?

Hali ya hatari ni serikali kusema: nyumba inaungua, kwa hiyo tuweke sheria za kawaida kando mpaka tuuzime moto. Hapo askari anaweza kukushika bila waranti, kukufungia bila kukupeleka kortini, kukukataza kusafiri au kukutana na wenzako. Si jambo la ajabu kwamba nchi huwa na sheria kama hiyo. Nyumba ikishika moto, mtu huvunja mlango wake mwenyewe. Swali ni moja tu: moto ukishazimwa, nani ataurudisha mlango?

Sisi tulionja kidogo sana. Wengi tunaikumbuka Ramadhan ya 2020: misikiti imefungwa, kafyu inaanza saa moja jioni, watu wanafuturu mbio mbio, na tarawehe kila mtu kwake. Ile ilikuwa amri ya kuzuia ugonjwa wa korona, haikuwa hali ya hatari kikatiba, nayo ilidumu kutoka 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021. Miezi kumi na tisa hivi, na tulichoka. Sasa fikiria ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera walioishi chini ya hali ya hatari yenyewe kwa karibu miaka 28.

KESI ILIYOPITA MLANGONI PETU

Hatari ya 1952 haikuwa ya kubuni. Watu walikuwa wanauawa, akiwemo Chifu Mkuu Waruhiu mwezi huo huo wa Oktoba. Nyuma yake kulikuwa na kilio cha ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Serikali haikujibu kilio, ilijibu kwa nguvu.

Kenyatta alishtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi haikusikizwa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, katika chumba cha shule, kwa sababu huko lilikuwa eneo lililofungwa ambalo huwezi kuingia bila kibali. Kapenguria haikuwa na hoteli, kwa hiyo mawakili wao, D. N. Pritt wa Uingereza na wenzake, walilala hapa Kitale na kupanda barabara ile kila siku ya kesi. Ndiyo barabara hii hii tunayopandia matatu za Makutano.

Tarehe 8 Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker aliwahukumu wote sita miaka saba na kazi ngumu. Baadaye ikajulikana kwamba jaji huyo alikuwa amelipwa pauni 20,000 kwa siri, na shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Mtazame hasa Achieng Oneko. Alikata rufaa, akashinda. Korti ilisema hana hatia. Je, alikwenda nyumbani? Hapana. Alizuiliwa kwa amri ya hali ya hatari mpaka 1961. Hapo ndipo unapoielewa sheria hii: mahakama ikisema huru, mkubwa mmoja anasema kaa ndani, na neno la mkubwa ndilo linalosimama.

RAIA WA KAWAIDA

Viongozi tunawajua majina. Wananchi je?

Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na askari, maelfu ya watu wakachujwa mtaa kwa mtaa. Mtoa habari alivikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Hujui ni nani, hujui amesema nini, na huna pa kumuuliza.

Mashambani, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walitolewa majumbani mwao na kuwekwa katika vijiji vya lazima, vyenye mahandaki na askari, huku wakitoka na kurudi kwa saa. Katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa, familia za Wakikuyu zilipakiwa magarini na kurudishwa makwao, hata wale waliozaliwa huku. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za korti zilizofanya kazi haraka haraka. Na tarehe 3 Machi 1959 kule Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa. Serikali ilisema kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Lakini kuna dhara lingine ambalo halikuacha kovu mwilini. Jirani alijifunza kumwogopa jirani, na neno likawa linapimwa kabla ya kutamkwa. Mzee akaona heri mtoto asijue kitu, maana asiyejua hawezi kusema. Wengi walikufa bila kuwasimulia watoto wao.

SIASA ILIGAWANYWA KWA WILAYA

Juni 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku. Waafrika hawakuwa na chama cha siasa mpaka 1955, na hata hapo ruhusa ilikuwa ya chama cha wilaya moja tu. Mwanasiasa wa Bungoma hakuruhusiwa kuunda chama kimoja na mwenzake wa Kisumu au wa Mombasa. Mkoa wa Kati wao hawakupewa hata hicho cha wilaya. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulipofika Machi 1957, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa waonyeshe cheti cha uaminifu kwa serikali kabla ya kupiga kura.

Matokeo yake ni nini? Marufuku ya vyama vya kitaifa ilipoondolewa mwaka 1960, kila kiongozi alikuja mezani akiwa na watu wa wilaya yake nyuma yake. KANU na KADU zilijengwa kwa matofali hayo. Si sababu pekee ya ukabila katika kura zetu, lakini tusisahau kwamba kizazi kizima cha wanasiasa kilijifunza siasa wakati ambapo kuungana nje ya wilaya lilikuwa kosa.

MWISHO ULIOKOSA KUWA MWISHO

Tarehe 12 Januari 1960 hali ya hatari ilitangazwa kuwa imekwisha. Watu walishangilia. Lakini mwaka huo huo wakoloni walipitisha sheria ya kulinda usalama wa umma, ambayo ilibakisha uwezo wa kuwazuia watu bila kesi. Jina lilibadilika, pingu ni zile zile. Kenyatta mwenyewe alibaki Lodwar, kisha Maralal, hadi Agosti 1961.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, serikali mpya iliikuta sheria hiyo kabatini. Ingeweza kuichoma. Iliiweka.

KASKAZINI MASHARIKI: KARIBU MIAKA 28

Wasomali wengi wa ile iliyoitwa NFD walitaka kujiunga na Somalia, na tume iliyowauliza mwaka 1962 ililiona hilo. Hawakusikizwa. Vita vya Shifta vikaanza, na majuma mawili tu baada ya uhuru hali ya hatari ikatangazwa huko. Tena tuseme kweli: Shifta walikuwa na bunduki, waliua askari, machifu na wasafiri. Hatari ilikuwepo.

Angalia dawa iliyotumika. Kafyu. Msako bila waranti. Kutaifisha mifugo ya ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja, na kwa mfugaji hiyo ni kumnyang'anya chakula na mahari kwa mpigo. Kuanzia 1966 watu wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, vile vile kama Mkoa wa Kati mwaka 1954. Katiba ikampa Rais uwezo wa kutawala Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa kanuni zake mwenyewe, pamoja na Marsabit, Isiolo, Tana River na Lamu.

Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana kule Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, na vita vikaisha. Moto ulizimika. Mlango haukurudishwa. Hali ya hatari iliendelea miaka mingine 24, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka wakati wa vita hivyo.

Kwa nini ikae hivyo? Kwa sababu ilikuwa rahisi. Mkuu wa wilaya aliyezoea kutawala kwa amri hana haja ya kusikiza baraza. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa Garissa, nyumba zilichomwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule kwa siku kadhaa. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia wilayani Wajir walipelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi kamili haiwezi kujulikana na huenda ikakaribia 1,000.

Ni nani aliyesema? Mbunge Ahmed Khalif alilipeleka jambo hilo Bungeni mwaka huo huo. Na mama mmoja Mkatoliki kutoka Italia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa Wajir, alisaidia kuokota majeruhi na kufikisha habari nje. Haki haiulizi dini ya anayeitetea.

Hali ya hatari iliondolewa Novemba 1991, lakini desturi yake haikuondoka. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walikuwa wamechujwa na kupewa kadi za pekee za rangi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa Mandera alikaa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba ni Mkenya kabla ya kupata kitambulisho, wakati mwenzake wa Kitale alikwenda na cheti cha kuzaliwa tu. Ilipofika Februari 2025, Rais wa Jamhuri bado alikuwa anatoa tangazo la kuufuta usaili huo. Ndiyo maana wazee wa kaskazini, wakisafiri kuja Nairobi, walizoea kusema wanakwenda Kenya.

HATA WENYEWE ILIWARUDIA

Usidhani sheria hii ilibaki kaskazini. Mwaka 1966 Bunge liliipanua ili Rais aweze kuwazuia watu bila hata kutangaza hali ya hatari. Oktoba 1969 chama cha KPU kikapigwa marufuku na viongozi wake wakashikwa, Jaramogi Oginga Odinga akiwa mmoja. Mwingine alikuwa nani? Achieng Oneko, yule yule wa Kapenguria. Safari hii alikaa ndani mpaka 1975, na aliyekuwa Rais ni mzee aliyesimama naye kizimbani.

Mwaka 1975 ikawa zamu ya wabunge Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, walioshikwa katika majengo ya Bunge lenyewe. Julai 1990 ikawa Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga. Kuzuiliwa bila kesi kuliondolewa mwaka 1997 tu, kwa mapatano ya vyama kabla ya uchaguzi. Kutoka 1952 ni miaka 45.

Wala si Kenya peke yake. Syria iliishi chini ya hali ya hatari kutoka 1963 hadi 2011, na Misri kutoka 1981 hadi 2012. Kila mara sababu ilikuwa ya leo, na sheria ikabaki ya kesho.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tuisome Katiba. Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010 kinasema tangazo la hali ya hatari halizidi siku 14. Kuiongeza kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, na kuiongeza tena kunahitaji robo tatu, kila mara isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuibatilisha. Maneno hayo makavu yameandikwa kwa sababu ya Hola na Wagalla.

Pili, tuangalie kitendo, tusidanganywe na jina. Machi 2008 jeshi lilipoingia Mlima Elgon kupambana na kundi la SLDF, lililokuwa limeua na kukata watu masikio, hakuna hali ya hatari iliyotangazwa. Hata hivyo wanaume kwa maelfu walikusanywa, wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakapitishwa mbele ya watoa habari. Wengine hawakurudi. Hapo ni karibu na kwetu, na wajane wao tunapatana nao sokoni.

Tatu, tusishangilie sheria kali kwa sababu leo inamshika mwingine. Wengi waliona ya Shifta ni ya Wasomali, na ya 1952 ni ya Wakikuyu. Mkuki ulipita kwa kila mtu kwa zamu yake.

Nne, tuwaulize wazee wetu wangali hai. Jioni, familia ikiwa imekaa pamoja, muulize babu au nyanya alikuwa wapi wakati wa Imajensi, alibeba kipande gani, alimwogopa nani. Kisha nyamaza umsikilize.