Njia ya Misafara: Kabambare–Kasongo

Hii ni njia ya miguu ya karne ya 19. Ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda na kushuka vilima vya Kabambare hadi Kasongo, kisha soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliweka makao Kasongo mwaka 1875. Meno ya tembo yalibebwa mabegani. Mateka walitembea wamefungwa shingoni, na wengi hawakufika pwani. Kwa njia hiyohiyo viliingia mpunga, Uislamu na Kiswahili tunachosema leo. Jeshi la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, liliteka Kasongo Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Mgeni, karibu utembee au ukimbie. Usichimbe wala kuokota kitu.