Tiketi ya maili: Kubadili tarehe au kuifuta? Pima haya kwanza

Harusi ya Moshi iliyopangwa Agosti imesogezwa hadi Desemba. Kamati imeshatuma meseji kwenye grupu la WhatsApp, na karibu kila mtu ameitikia "sawa".

Lakini kuna ndugu mmoja anayeishi Ulaya ambaye kwake mambo siyo rahisi hivyo. Tiketi ya Agosti ameshaikata, tena kwa maili alizozikusanya kwa miaka 4.

Abadili tarehe? Au aifute tiketi, maili zirudi kwenye akaunti?

Wengi hujibu swali hili kwa pupa. Mmoja anafuta usiku huo huo, asubuhi anakuta kiti cha Desemba kimeshachukuliwa. Mwingine anasema "tutaona mbele ya safari", mpaka ndege inaondoka na maili zinakwenda na maji.

Ukweli ni kwamba uamuzi huu unapimika kwa hesabu ndogo tu, na simu iliyo mkononi inatosha kuifanya.

Maili siyo bure

Mfumo wa kuwapa abiria maili ulienea baada ya American Airlines kuanzisha AAdvantage mwaka 1981. Leo karibu kila shirika kubwa lina programu yake. Wasafiri wa Afrika Mashariki wanazijua Asante Rewards ya Kenya Airways, ShebaMiles ya Ethiopian, Dream Miles ya RwandAir, Skywards ya Emirates, Privilege Club ya Qatar Airways na Flying Blue ya Air France na KLM.

Tiketi ya maili huwa na sehemu mbili: maili zenyewe, na kodi na tozo zinazolipwa kwa fedha taslimu au kadi. Tiketi ikifutwa, kila sehemu ina njia yake ya kurudi. Maili hurudi kwenye akaunti na kodi hurudi kwenye kadi iliyolipia, mara nyingi baada ya kukatwa ada.

Kosa la kwanza la wasafiri ni kudhani kwamba kwa kuwa hawakutoa fedha nyingi, hawana cha kupoteza. Wanacho.

Nani aliyetoa tiketi?

Kabla ya kupiga simu popote, msafiri ajue tiketi yake ni ya nani. Siyo lazima iwe ya shirika ambalo jina lake liko kwenye ubavu wa ndege.

Mtu anaweza kutumia maili za United kupanda ndege ya Ethiopian, kwa sababu zote ziko kwenye umoja wa Star Alliance. Mwingine anatumia maili za Delta kupanda Kenya Airways, kwa sababu zote ni SkyTeam. Katika hali hiyo, sheria za kubadili na kufuta ni za programu iliyokata maili, yaani United au Delta. Ofisi ya Addis Ababa au Nairobi itamwambia arudi alikokatia.

Ndiyo maana ni vizuri kuwa na misimbo miwili ya safari: ya programu iliyotoa tiketi, na ya shirika linalorusha ndege. Msimbo wa pili husaidia kuchagua kiti na kuthibitisha kwamba jina bado limo kwenye orodha ya abiria.

Hesabu ya thamani ya maili moja

Hii ndiyo hesabu inayoamua mambo. Chukua bei ya tiketi hiyo hiyo kwa fedha, toa kodi zilizolipwa kwenye tiketi ya maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili.

Tuseme tiketi ya Agosti, kwenda na kurudi, ingeuzwa euro 900. Ndugu yetu alitoa maili 50,000 na kodi ya euro 250. Kwa hiyo maili 50,000 zilimwokolea euro 650. Kila maili ilifanya kazi ya senti 1.3 ya euro.

Sasa anatazama Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Tiketi ya maili imepanda hadi 110,000, kodi ile ile. Ya fedha ni euro 1,200. Maili 110,000 zingemwokolea euro 950, yaani senti 0.86 kwa kila maili. Maili zake zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Mabadiliko ya bei ya namna hii ni ya kawaida siku hizi. Zamani mashirika mengi yalikuwa na jedwali la bei za maili ambalo msafiri aliweza kulisoma. Delta iliachana nalo mwaka 2015 na United mwaka 2019. Bei sasa inapanda na kushuka kama ya nyanya sokoni.

Njia tatu kwenye mizani

Tuendelee na mfano huo huo. Tuseme ada ya kubadili ni euro 50 na ya kufuta ni euro 70.

*Kubadili hadi tarehe ya Krismasi:* anaongeza maili 60,000. Kwa senti 1.3 kila moja, hizo ni euro 780. Ongeza ada ya 50. Gharama halisi ni euro 830.

*Kufuta na kununua kwa fedha:* analipa 1,200 ya tiketi na 70 ya ada, anarudishiwa kodi ya 250. Mfukoni zinatoka euro 1,020. Lakini maili 50,000 zenye thamani ya 650 zimerudi kwenye akaunti. Gharama halisi ni euro 370.

*Kubadili hadi tarehe ya mapema:* anagundua kwamba tarehe 8 Desemba kiti cha maili ni 65,000 tu. Anaongeza maili 15,000, sawa na euro 195, na ada ya 50. Gharama halisi ni euro 245. Hata kama tiketi ya fedha ya siku hiyo ni euro 1,100, kufuta na kununua kungemgharimu 270.

Kwa hiyo njia ya tatu ndiyo bora, mradi kazini wampe likizo ndefu. Tena atakuwepo kwenye vikao vya kamati na kazi za jikoni, badala ya kufika siku ya ukumbi.

Somo la mfano huu ni moja: kabla ya kuchagua kati ya kubadili na kufuta, msafiri atazame kalenda wiki moja nyuma na moja mbele. Mara nyingi tarehe ndiyo inayoamua, siyo ada.

Lini kubadili kuna faida

Kubadili kunafaa pale kiti cha maili kipo kwa tarehe mpya kwa bei isiyopishana sana na ya zamani, na safari yenyewe ina uhakika.

Kunafaa pia pale maili zikirudi zitakufa. Programu nyingi zina ukomo. Kwa mfano, maili za Skywards hudumu miaka 3 hivi tangu zilipopatikana, na Avios za Qatar Airways hupotea akaunti ikikaa miezi 36 bila shughuli yoyote. Maili za Delta na United hazina ukomo wa muda. Zipo programu ambazo maili zilizokwisha muda wakati tiketi iko hai hazirudi kabisa tiketi ikifutwa. Mtu wa namna hiyo akifuta, anafuta kila kitu.

Lini kufuta kuna faida

Kufuta kunafaa pale tarehe mpya haijulikani, au bei ya maili imepanda kupita kiasi huku ya fedha ikiwa ya kawaida.

Ada nayo ina lake. Mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuondoa ada za kurudisha maili mwaka 2020, wakati wa corona, na tiketi zao nyingi bado hufutwa bila gharama. Mashirika ya Ulaya, Ghuba na Afrika mara nyingi hutoza, na kiasi hutegemea aina ya tiketi. Ndani ya shirika moja, tiketi ya maili ya bei ya chini inaweza kuwa na ada kubwa kuliko ile iliyokula maili nyingi. Masharti yake yameandikwa kwenye barua pepe ya uthibitisho, sehemu ambayo wengi hawaisomi.

Msafiri asiyekuwa na fedha ya tiketi mpya asidanganywe na hesabu. Maili zenye thamani ya euro 650 kwenye akaunti haziwezi kulipa nauli ya kesho kama kiti cha maili hakipo.

Kusubiri nako ni uamuzi

Kama ada ya kufuta ni ile ile leo na mwezi ujao, hakuna haraka ya kufuta. Mashirika hubadili ratiba mara kwa mara. Ndege ya asubuhi inageuka ya usiku, safari ya moja kwa moja inaongezewa kituo. Ratiba ikivurugwa na shirika lenyewe, msafiri kwa kawaida hupata haki ya kubadili au kufuta bila ada. Aliyefuta wiki moja kabla ameshalipa ada ambayo asingelipa.

Lakini kusubiri kuna mpaka. Programu nyingine hufunga mlango saa 24 kabla ya ndege kuondoka, nyingine mapema zaidi. Msafiri aandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu na kuweka kengele siku 3 kabla.

Shirika likifuta lenyewe

Hapa tiketi ya maili ina nguvu ambayo watu wengi hawaijui.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inawalinda pia abiria wenye tiketi za maili. Inahusu ndege yoyote inayoondoka nchi za umoja huo, na inayokwenda huko ikiwa ni ya shirika la Ulaya. Ndege ikifutwa, abiria huchagua kurudishiwa alichotoa au kupewa safari nyingine. Akiarifiwa chini ya siku 14 kabla, na sababu ikiwa siyo dharura iliyo nje ya uwezo wa shirika, anaweza kudai fidia ya fedha taslimu, hadi euro 600 kwa safari ndefu kama ya Amsterdam hadi Kilimanjaro.

Marekani, kanuni ya Wizara ya Uchukuzi ya mwaka 2024 inataka abiria arudishiwe kwa njia aliyolipia, zikiwemo maili, kama shirika limefuta safari au limeibadilisha kwa kiasi kikubwa na yeye amekataa safari mbadala. Kwa safari za kimataifa, kusogeza muda kwa zaidi ya saa 6 ni badiliko kubwa. Kwa safari za ndani ni saa 3.

Kwa hiyo shirika likituma meseji ya "ratiba yako imebadilika", msafiri asibonyeze "kubali" kabla ya kusoma. Akishakubali, haki ya kurudishiwa inaweza kuwa imeondoka.

Mitego inayokula maili

*Kutotokea uwanjani.* Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Ndege ikiondoka tiketi haijafutwa, programu nyingi hazirudishi maili zote, nyingine hazirudishi hata moja. Hata dakika ya mwisho, kama mfumo bado unaruhusu, kufuta ni bora kuliko kunyamaza.

*Kuruka kipande cha kwanza.* Aliyekata Kilimanjaro–Nairobi–Amsterdam akaamua kwenda Nairobi kwa basi, atakuta kipande cha Amsterdam kimefutwa na mfumo.

*Tiketi iliyoanza kutumika.* Baada ya kipande cha kwanza kurushwa, maili za safari ya kurudi mara nyingi hazirudi. Anayehisi mipango itabadilika ni bora akate kwenda na kurudi kama tiketi mbili.

*Familia kwenye msimbo mmoja.* Mtoto mmoja akiugua, kufuta kwenye aplikesheni kunaweza kuwafuta wote watano. Kwanza ombeni shirika limtenganishe mmoja.

Utaratibu wa kufuata

1. Soma masharti ya tiketi: ada, na saa ya mwisho ya kufuta.

2. Angalia ukomo wa maili kwenye akaunti.

3. Tafuta kiti cha maili kwa tarehe mpya, pamoja na siku za jirani.

4. Fanya hesabu ya thamani ya maili moja.

5. Kama maili za akiba zinatosha, kata tiketi mpya kwanza, kisha ufute ya zamani. Hakikisha tu kwamba programu inaruhusu, kwa sababu nyingine hufuta zenyewe tiketi mbili za mtu mmoja zinazogongana tarehe. Kama akiba haitoshi, piga simu ili mhudumu abadili zote mbili kwa pamoja.

6. Piga picha ya skrini ya kila hatua, na tunza namba ya ombi la kurudishiwa.

7. Baada ya siku chache, hakikisha maili zimerudi zote na kodi imeingia kwenye kadi.

Hatua ya 5 ndiyo inayookoa wengi. Viti vya maili ni vichache kwenye kila ndege, na kikiachiwa kinaweza kuchukuliwa na mwingine ndani ya dakika. Nyani haachii tawi kabla hajashika jingine.